Jipime Kabla Mkasi Haujagusa Kitambaa

Oktoba ikifika, minada ya korosho ikaanza na fedha zikaanza kuonekana mikononi mwa watu, meza yangu ya kukatia hapa Mtwara mjini hujaa vitenge. Zipo sare za harusi, zipo nguo za sherehe za mabinti wanaotoka unyagoni, na wapo akina mama wanaotaka tu gauni jipya baada ya mwaka mzima wa palizi na kupulizia mikorosho salfa. Karibu kila mmoja huja na picha kwenye simu. "Fundi, nataka mshono kama huu." Namtazama binti wa kwenye picha, namtazama aliyesimama mbele yangu, kisha nanyoosha mkono kuchukua futi.

Picha haisemi mshono ule utakukaa vipi wewe. Namba tatu ndizo zinazosema: kifua, kiuno na hipsi. Tena kinachotafutwa ni tofauti kati yao, maana mwenye hipsi 36 na mwenye hipsi 50 wanaweza kuwa na umbo moja kabisa, wakashona mshono mmoja, na wote wawili wakatoka wamependeza. Unene ni habari nyingine. Nimeandika haya ili ujipime nyumbani, upige hesabu ndogo ya kutoa, na ulijue umbo lako kabla hujafika kwa fundi au kwenye lundo la mitumba.

Cha kuandaa

Tafuta futi kamba ya fundi, ile laini yenye inchi 60 upande mmoja na sentimita 150 upande wa pili. Kabla ya kuiamini, ilaze juu ya rula ya shule: inchi 12 za futi ziwe sawasawa na inchi 12 za rula. Futi za bei rahisi huvutika zikizeeka, na futi iliyovutika itakupa namba ndogo kuliko mwili wako. Utafurahi siku ya kupimwa, utalia siku ya kuvaa. Futi ya chuma ya seremala iache kwa seremala.

Huna futi? Chukua uzi usiovutika, uzungushe, uubane kwa vidole mahali unapokutana, kisha upime urefu wake kwa rula. Unachosha lakini haudanganyi.

Andaa pia lastiki nyembamba ya kufunga kiunoni, kioo, daftari na kalamu, na kama inawezekana mtu mmoja wa kukusaidia kwa nyuma. Dada, wifi, shoga, yeyote, mradi awe anajua kunyamaza. Mtu wa kusema "He! Kumbe umenenepa hivyo" katikati ya kazi atakufanya uvute tumbo, na vipimo vitaharibika.

Vaa sidiria utakayoivaa na hiyo nguo, na kitu chepesi kilichoshika mwili. Usijipime juu ya khanga, wala juu ya dera. Asubuhi ni bora kuliko jioni baada ya ugali na siku nzima ya joto. Kama uko siku zako, subiri zipite, maana wengi wetu tumbo hujaa. Mama anayenyonyesha ajipime kifua kabla na baada ya kunyonyesha, kisha ashone kwa namba kubwa.

Hatua ya kwanza: kiuno

Naanza na kiuno kwa sababu ndicho watu hukikosea zaidi. Kiuno cha fundi hakiko pale unapofungia khanga, wala pale mkanda wa suruali unapokaa. Simama wima, halafu inamia upande mmoja kama anayeokota kitu pembeni. Pale ubavu unapojikunja ndipo kiuno kilipo. Kwa wengi ni vidole viwili au vitatu juu ya kitovu. Funga lastiki hapo bila kukaza, inama, inuka, jizungushe mara mbili tatu. Yenyewe itatafuta pembamba na kutulia. Iache hapo mpaka umalize vipimo vyote, kwa sababu vingine vinaanzia kwenye hiyo lastiki.

Sasa zungusha futi juu ya lastiki. Toa pumzi kawaida, usiivute ndani. Kidole kimoja kipite kati ya futi na mwili. Soma, andika.

Na shanga? Zishushe wakati wa kupima kiuno, zipandishe wakati wa kupima hipsi. Wateja hucheka nikiwaambia hivi, lakini nyuzi nne tano za shanga chini ya futi zinatosha kuharibu kipimo, na sketi ya kubana haisamehi nusu inchi.

Nililipa kwa kutosimamia upimaji wa kiuno. Mwaka mmoja nilipokea kwa simu vipimo vya bibi harusi wa Masasi. Dada mtu ndiye aliyempima. Kiuno niliambiwa 27, nikakata, nikashona, gauni likapanda basi. Usiku wa kuamkia harusi simu ikalia: zipu haipandi. Kumbe bibi harusi alivuta tumbo kwa aibu, na dada mtu naye akakaza futi kana kwamba anafunga mzigo wa kuni. Kiuno cha kweli kilikuwa 29 na nusu. Kilichotuokoa ni kwamba mabaki ya kitambaa nilikuwa nimeyafunga pamoja na gauni. Fundi mmoja wa kulekule akaingiza vipande ubavuni, akashona mpaka alfajiri. Tangu hapo sipokei kipimo cha kiuno cha mara moja. Pima, fungua futi, tembea chumbani, rudi upime tena. Namba zikitofautiana zaidi ya nusu inchi, pima ya tatu.

Hatua ya pili: kifua

Futi ipite kwenye ncha za matiti, na mgongoni isishuke. Hapo ndipo msaidizi anahitajika. Ukiwa peke yako, simama ubavu kwa kioo uone kama futi imelala sawa mbele na nyuma. Mikono ishushe kabla ya kusoma; ukiiacha juu, kifua kinapanda na namba inabadilika.

Andika pia mzunguko wa chini ya matiti. Hauingii kwenye hesabu ya umbo, ila siku ukitaka gauni lililokatwa chini ya kifua fundi atauhitaji.

Hatua ya tatu: hipsi

Kutanisha miguu. Shusha futi taratibu kutoka kiunoni mpaka ipate mahali panapojaza zaidi, makalio yakiwa ndani ya kipimo. Kwa kawaida ni inchi 7 mpaka 9 chini ya lastiki. Wengine upana wao uko chini kabisa, kwenye mapaja ya juu. Usiseme "hipsi zinaanzia hapa" kwa sababu fundi fulani alikuambia hivyo. Panda na shuka na futi, ukisoma, mpaka upate namba kubwa kuliko zote. Kisha pima umbali kutoka kwenye lastiki mpaka hapo na uuandike, kwa sababu watu wawili wenye hipsi 42 wanaweza kutofautiana hapo, na sketi ya mmoja ikavimba mahali ambapo mwenzake amejaa.

Waliozoea kuvaa kigodoro nao waamue mapema. Ukipimwa nacho, uvae nacho. Ukipimwa bila, usikiongeze siku ya harusi.

Halafu pima hipsi ya juu, yaani mzunguko wa inchi 3 au 4 chini ya kiuno, kwenye mifupa ya nyonga na tumbo la chini. Mafundi wengi hawaipimi. Mimi naipima, na utaona sababu.

Mwisho mabega: kutoka mfupa wa bega moja hadi mfupa wa bega la pili, futi ikipita mgongoni.

Hatua ya nne: hesabu ya kutoa

Kanuni ninazotumia zinatoka kwa watafiti wa mavazi wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, waliozichapisha 2004 ili kompyuta iweze kupanga maumbo ya wanawake kwa vipimo peke yake. Mimi nimezibana kidogo zikae kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Majina ya maumbo ni ya kwangu, ya jikoni na uani, maana "pembetatu" na "mstatili" hunikumbusha ubao wa darasa la nne.

Namba ya kukumbuka kuliko zote ni inchi 3.6. Kwenye futi ya fundi ambayo inchi imegawanywa mara nane, hesabu inchi 3 na vijistari vitano. Kwa sentimita ni 9 hivi. Ya pili ni inchi 9, sawa na sentimita 23.

Chukua hipsi, toa kifua. Ikibaki 3.6 au zaidi, wewe ni parachichi: juu pembamba, chini pamejaa. Mfano kifua 36, kiuno 30, hipsi 42. Hipsi zimezidi kifua kwa 6. Sasa toa kiuno kwenye hipsi: 42 toa 30 ni 12. Ikifika 9 au ikizidi, ni parachichi lenye kiuno. Ikiwa chini ya 9, mwili unapanuka kidogokidogo bila kubonyea kiunoni.

Kifua kikizidi hipsi kwa 3.6 au zaidi, geuza picha: hiyo ni kabari, ile ya kupasulia magogo, pana juu na nyembamba chini. Mfano 42, 36, 37.

Kifua na hipsi zikikaribiana, yaani tofauti haifiki 3.6, umbo linaamuliwa na kiuno. Kiuno kikiwa pungufu ya kifua kwa inchi 9 au zaidi, au pungufu ya hipsi kwa 10 au zaidi, ndiyo ile namba nane inayoimbwa kila harusi. Mfano 38, 28, 39. Kisipofika huko, wewe ni mchi: umenyooka kutoka juu hadi chini. Mfano 36, 30, 37.

La mwisho ni dafu: kiuno kinalingana na kifua au hipsi, au kimezizidi. Mfano 42, 43, 44. Hapo usihangaike na hesabu nyingine.

Bado hipsi ya juu. Igawe kwa kiuno. Ukipata 1.193 au zaidi, maana yake mwili unapanuka ghafla mara tu baada ya kiuno, kama rafu ya kabati. Yule wa kiuno 30 akiwa na hipsi ya juu 37 anapata 1.23, kwa hiyo ana rafu. Sketi iliyoshonwa bila kujua hilo itapanda juu kila akitembea na kujikunja kiunoni, naye atalaumu kitambaa. Tatizo ni kwamba fundi amekata ubavu kwa mteremko wakati mwili una kona.

Neno moja kuhusu namba nane. Chuo hichohicho kilipochambua vipimo vya zaidi ya wanawake 6,000 wa Marekani, namba nane walikuwa asilimia 8 tu, na karibu nusu walikuwa michi. Hayo ni ya Marekani. Kwenye daftari langu maparachichi ndiyo wengi. Lakini hata hapa namba nane halisi ni wachache, na bado mishono mingi ya kwenye simu imechorwa kwa ajili yao. Ndiyo maana gauni la picha na gauni la mwilini hukataa kufanana.

Hatua ya tano: kuchagua mshono

Kanuni yangu ni moja: nguo ikae vizuri kwanza mahali ulipo mpana zaidi, halafu pengine papunguzwe. Kupunguza ni rahisi, kuongeza ni msiba. Kila kitakachofuata kinatoka hapo.

*Parachichi.* Gauni la kipande kimoja lisilokatwa kiunoni litakusumbua: likikutosha hipsi, kifuani linapwaya, likikutosha kifuani, chini halipiti. Mwambie fundi akate kiunoni, juu ashone kwa kipimo cha juu na chini kwa kipimo cha chini. Sketi na blauzi vya kutenganika ni rafiki zako zaidi kuliko gauni. Sketi inayoanza kuachia hapo kwenye upana, ya mwavuli au ya vipande sita, hutembea vizuri. Marinda yanayoanzia kiunoni kabisa yanaongeza kitambaa juu ya mahali pasipohitaji; kama unayapenda, yashonwe chini mpaka usawa wa hipsi ndipo yafunguke. Juu ndiko pa kuweka mambo: mikono ya kuvimba, shingo pana ya bega hadi bega, maua makubwa ya kitenge, kola. Urefu wa blauzi usiishie kwenye upana wa hipsi, maana pindo ni mstari, na mstari unaita macho. Iishie juu kidogo, kwenye mifupa ya nyonga, au ipite kabisa.

Suruali kwa parachichi lenye rafu huacha uwazi nyuma kiunoni. Nunua ya kutosha hipsi, kisha fundi apunguze mgongoni. Kazi hiyo ni ya nusu saa, usikubali kuambiwa haiwezekani.

Haya yote, bila shaka, ni kama unataka kusawazisha. Wapo wanaotaka hipsi zionekane zaidi, na mimi sina ugomvi nao: pindua kila nilichosema. Huku kwetu hipsi hazijawahi kuwa kasoro.

*Namba nane.* Fuata kiuno. Nguo iliyonyooka kama gunia inakufanya uonekane mnene, kwa sababu kitambaa kinaning'inia kutoka ncha ya kifua mpaka hipsi na kuficha katikati. Hata dera, likunje nyuma ulibane kwa pini au ulifunge mkanda wa kitambaa hichohicho. Shati la vifungo likikutosha kiunoni litapasuka kifuani. Nunua la kutosha kifua, lipunguzwe mbavuni.

*Mchi.* Unaweza kuvaa karibu chochote kinachouzwa tayari, na hiyo ni neema, kwa sababu kilichonyooka kinakukaa bila kubadilishwa. Ukitaka kiuno kionekane, kitengeneze: mkanda, sketi ya mwavuli, blauzi yenye kipande cha kuachia kuanzia kiunoni, au kitambaa cha rangi tofauti ubavuni huku katikati ikiwa rangi nyingine. Kipande cha kuachia kikatwe inchi moja juu ya kiuno chako cha lastiki, usiniulize kwa nini, jaribu uone.

*Kabari.* Shingo ya V, mikono isiyovimba, mabega bila pedi. Chini weka ujazo: marinda, sketi pana, suruali ya miguu mipana, kitenge cha maua makubwa. Kanuni zangu za parachichi zigeuze kichwa chini miguu juu.

*Dafu.* Hapa mafundi wengi hukosea kwa huruma: wanamshonea mteja hema. Hema linaongeza. Tafuta mahali pembamba, na kwa dafu mara nyingi ni chini ya matiti na miguu. Gauni likatwe chini ya matiti kisha liachie kwa mshazari bila marinda, liishie kwenye magoti au chini yake kidogo. Mabega yakae kwenye mfupa hasa; bega likishuka, nguo nzima inaonekana ya kuazima. Koti jepesi lisilofungwa linaleta mistari miwili ya wima mbele, na Newala jioni hutaona uzito wake, ingawa Mtwara mjini mwezi wa Novemba utalivua kabla hujafika stendi. Nje ya ushonaji: kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 88 Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa dalili ya hatari zaidi ya kisukari na maradhi ya moyo. Kama futi imekuambia hivyo, pitia pia zahanati.

Ukijikuta kati ya maumbo mawili, chukua ushauri wa lile linalokuhusu sehemu inayokusumbua. Miili haijasoma daftari langu.

Umbo na yadi za kitambaa

Umbo linaingia mpaka mfukoni. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi. Sketi iliyonyooka kwa mwenye hipsi 36 inahitaji 36, ongeza 2 za nafasi ya kukalia, ongeza 2 za mshono: jumla 40. Mbele na nyuma vinakaa bega kwa bega ndani ya upana mmoja, na kwa sketi ya urefu wa inchi 28 yadi moja inatosha na pindo na ukanda. Mwenye hipsi 42 anafika 46. Upana mmoja haumzunguki, kwa hiyo mbele na nyuma vinakatwa kimoja chini ya kingine, na yadi inakuwa karibu mbili. Fundi akikuomba yadi ya ziada hajakuibia. Ila akimwomba mwenye hipsi 36 yadi mbili za sketi hiyo, muulize ya pili inaenda wapi.

Kwa maua makubwa, kabla ya kukata, kishike kitenge mwilini mbele ya kioo uone duara kubwa linaangukia wapi. Duara moja katikati ya kila titi ni aibu ambayo hakuna pasi ya kuiondoa. Kwa khanga angalia jina. Linakaa chini katikati, juu ya pindo, na likishonwa ovyo maneno yote yanaishia kwenye makalio na watu watayasoma huko.

Loweka kitenge na khanga za pamba, uanike, upige pasi kabla ya kukata. Pamba hurudi ikifuliwa, na nguo iliyokatwa kwa hesabu ya nusu inchi haina pa kurudia.

Mitumba: kamba ya mafundo

Kwenye mitumba hakuna chumba cha kujaribia, na namba za kwenye lebo zinatoka nchi tofauti. Gauni la namba 8 la Marekani kwa kawaida ni namba 12 ya Uingereza. Usizisome. Fanya hivi.

Chukua kamba nyembamba isiyovutika. Gawa kila kipimo chako nusu, ongeza inchi 1, kwa sababu nguo ikilazwa chini unapima upande mmoja tu. Mwenye 36, 30, 42 atapata 19, 16 na 22. Kutoka mwanzo wa kamba pima inchi 16, funga fundo moja. Kwenye 19 mafundo mawili yaliyobanana. Kwenye 22 matatu. Ikunje uiweke kwenye pochi.

Ukifika kwenye lundo, ilaze nguo, uinyooshe bila kuivuta, weka kamba kwapa hadi kwapa, kisha kiunoni, kisha inchi 8 chini ya kiuno. Fundo likivuka ukingo wa nguo, iache, hata kama rangi inakuita. Likiwa ndani ya ukingo kwa inchi moja au mbili kiunoni, chukua, fundi atapunguza. Vitambaa vya kuvutika usiviongezee ile inchi. Kwa kamba hii utamaliza lundo zima wakati wenzako bado wanajaribisha sketi juu ya suruali mbele ya vijana wa bodaboda.

Siku ya kujaribisha

Mpelekee fundi namba zako zimeandikwa, pamoja na tarehe, umbali wa kiuno hadi hipsi, na hipsi ya juu. Akitaka kukupima upya, mwache apime, kisha mlinganishe. Mwombe aache akiba ya inchi moja kila ubavu, isikatwe, ilale ndani ya mshono. Ndiyo itakayoiokoa nguo mwakani. Omba pia ujaribu kabla hajaweka zipu na bitana.

Ukiivaa, usisimame tu mbele ya kioo kama sanamu ya mpingo. Keti. Inua mikono miwili kama unayepiga vigelegele. Inama uokote kiatu. Halafu toka nje, inua mguu kana kwamba unapanda bajaji. Ikikuzuia hapo, mpasuo wa nyuma uongezwe inchi mbili, na umwambie fundi palepale, chaki ikiwa bado mkononi mwake.